Nakala Mbili

Muhuri wetu wa SIRI umelika upande,
ukigongwa unaacha IRI.
Nimeugonga mara arobaini na mbili
kwenye faili la Osmund Mchopa, mpima uzito,
ghala namba tatu, Newala.

Magunia kumi na tisa ya korosho
yaliingia daftarini, ghalani hayakuonekana.
Kamati ilikaa siku nne, pazia limeshushwa,
chai ikiachwa kizingitini.
Mimi nilikuwa ndani, nachapa.
Waliniapisha viganja vikiwa juu ya meza
kana kwamba vidole ndivyo vyenye mdomo.

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Basi kata ndiyo mimi,
na bombani, kwenye foleni ya ndoo,
wanawake walinitazama kooni.
"Eti Somoe, ni kweli kajenga Masasi?"
Leo maji yanatoka kwa kusuasua, nikasema.
"Eti mkewe karudi kwao Kitangari?"
Na ukungu huu, nguo hazikauki.

Sikutoa neno. Hakuna aliyetoa.
Lakini pazia lilisema.
Vikombe vitano vilisema,
na Osmund kwenye benchi la nje
tangu saa mbili mpaka adhuhuri, kofia magotini,
kila apitaye na mzigo wake anamsoma
kama tangazo la mnada.
Dukani wakamnyima sukari ya mkopo.
Shuleni mwanawe akapewa jina: Gunia.

Siku ya tano nikachapa ukurasa wa mwisho.
Magunia yale yaliandikwa mara mbili.
Aliyeyaandika hakutajwa.
Mtumishi hana hatia.
Nakala mbili: moja ya faili,
moja yake, asimwonyeshe mtu.
IRI. IRI.

Alisoma polepole, midomo ikitembea.
"Naweza kuwasomea wanangu?"
Mwenyekiti akatafuta kitu darini.
"Huo ni waraka wa ofisi, Mchopa."
Akaukunja mara nne, ukaingia mfuko wa shati,
akaufunga kifungo.
Mfuko ule ulikuwa mwembamba,
wekundu wa wino ukionekana kwa nje,
herufi zimegeuka, hazisomeki.

Jana bombani wameniuliza tena.
"Eti Somoe, mwizi wenu mmemrudisha kazini?"
Ndoo yangu ilikuwa imejaa.
Ikafurika, Newala hii,
tunakohesabu maji kwa vikombe,
yakatiririka hadi kwenye miguu yao
na hakuna aliyenigombeza,
maana wote waliona
mdomo wangu umefunguka.