Mswaki Mmoja

Jina langu limo katika amri ya mahakama, mstari wa tatu:
Bernadeta Kuczmarski, wakili wa mtoto.
Mama hakunichagua, baba hakunilipa.
Hulipwa na kaunti, kwa saa, na kwa kuchelewa.

Theluji ya Buffalo imefika magotini.
Naingia shuleni na faili la kurasa mia mbili
zinazoeleza nani alipiga kelele Krismasi,
nani alisahau dawa ya pumu,
nani ana chumba chenye dirisha.
Katika kurasa zote hizo
Wendel hajatamka neno.

Ana miaka saba. Kiti cha maktaba kimemzidi,
miguu inaning'inia.
Mimi ni wakili wako, namwambia. Usiponiruhusu kusema, sisemi.
Anavitazama viatu vyangu, vinavyovuja.
"Baba atasikia?"
Si kutoka kwangu.
"Na Mama?"
Wala yeye.

Bomba la joto linagonga ukutani, linaacha, linagonga tena.

"Nina miswaki miwili," anasema.
"Wa kijani uko kwa Mama. Wa kwa Baba una papa mwenye meno.
Nataka mmoja."
Upi?
Ananishangaa, mtu mzima na faili lake lote.
"Wowote. Uwe mmoja tu."

Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi:
wahenga walisema hivyo, wakaenda zao.
Hatukusimuliwa kama kuna aliyeinama
akaziuliza nyasi zenyewe.
Ndiyo kazi yangu, kuinama, na kalamu mkononi,
na goti langu la kushoto halitaki tena.

Sheria haina kifungu cha mswaki.
Alhamisi, mbele ya Jaji Pettibone,
mawakili wawili wa suti safi waliikata wiki
kama nyama buchani, wakibishania gramu.
Nikasimama. Nikalitoa neno lake kama alivyolitoa,
sikulipaka mafuta.
Mtu nyuma akacheka.
Jaji akavua miwani, akaandika kitu nisichokiona.

Nyumba zikabaki mbili.
Siku za kuhamahama zikapungua. Kidogo.
Sijui hilo linaitwaje, kushinda au nini.

Jioni nikampigia simu.
"Ulisema?"
Nilisema.
"Vilevile nilivyosema mimi?"
Vilevile.
Nikaisikia pumzi yake, fupi, yenye filimbi ndani.
"Basi sawa," akasema,
akaenda kupiga mswaki.

Sikuuliza upi.