Mivinje ya Rika Moja

Tuliipanda wiki moja, mimi na marehemu Ngowa,
mwaka mvua ilipong'oa vyoo vya Msabaha:
miche elfu moja na mia mbili,
hatua mbili kwa hatua mbili.
Ikakua kama watoto wa darasa moja,
urefu mmoja, kivuli kimoja,
siku ya kuondoka, moja.

Jana Tsofa kaja na kanta kutoka Malindi,
akizunguka na kupiga mashina kofi
kama apimaye matikiti.
"Mama Nyevu, yote. Leo. Taslimu."
Akataja pesa iliyonikalisha chini.

Usiku nikafungua daftari la Nyevu,
kurasa ambazo hakuzimaliza.
Nikikata yote: ada ya chuo, bati,
deni la dukani kwa Chengo,
kisha jua.
Miaka sita ya mchanga na mihogo ya kubahatisha,
nami na goti hili
nikibebea maji miche elfu upya.

Nikichagua, mia mbili kila mwaka,
nifungue matundu ya mwanga nipande humo
(mvinje hauoti chini ya nywele za mamake),
shamba litakuwa na kila umri, kama nyumba ya watu:
fito, pau, boriti, nguzo.

Ni rahisi kusema.
Mti nikiuondoa mapema kupisha wengine
Tsofa atauita fito, ataulipa fito.
Wa kungoja mpaka zamu ya mwisho
utanenepa kupita haja ya soko;
nani ajengaye kwa mti mnene kama mzinga?
Kati ya hasara hizo mbili ndipo pa kupita,
miaka sita, kwa miguu.

"Kanta haiji kwa miti mia mbili," kasema Tsofa,
akapunguza bei, akawasha injini.
Nikampigia Nyevu. Alinyamaza mpaka salio likalia.
"Mama, nitawauliza kama ada hulipwa kwa mafungu."

Asubuhi ujumbe: manne. Wamekubali manne.

Nimeanza na safu ya nyuma,
aliyoipanda Ngowa kombokombo, jioni, kachoka.
Mti wa kwanza ulipolala
jua likashuka likakaa pale chini,
padogo, upana wa mkeka.
Nikalipima kwa hatua.
Miche minne inaingia.
Mitano, tukibanana.