Kabari

Sanduku la zana lilikwama bandarini wiki kumi na moja.
Likafika Moshi, huku Rau, na kutu
na risiti nne za ushuru.

Tukaipanga meza ya kazi gerejini.
Mbao za kwetu, zilizozoea baridi kavu,
zikavimba kwa masika,
droo zikagoma.
Plagi ya mashine ina meno mawili, ukuta wadai matatu.
Mume wangu alicheka. Mimi nikalia,
wala si kwa ajili ya plagi.

Na meza inacheza. Sakafu imeinamia mfereji;
maji yanaijua njia, sisi bado.

Ndetaulwa, fundi wa nyumba ya pili, alibisha hodi.
Hakutupa pole. Alipiga magoti,
akachonga kipande cha mgrivea kwa panga,
akakisukuma chini ya mguu wa tatu.
Meza ikanyamaza.
"Kesho nakuja kuazima randa," akasema.
Halikuwa ombi.

Usiku nilishuka na tochi nikaangalie:
kabari ndogo, mbichi, ingali na utomvu,
imebeba kilo mia mbili na themanini
za kwetu.