Tarakimu

Kwa Shomvi, Buguruni Malapa,
nanunua tarakimu za aina mbili.

Sita za bahati:
siku aliyozaliwa Tausi, namba ya nyumba,
na ile saba niliyoiota ikichechemea.
Kampala wanacheza, Kigali, Bujumbura,
kila mtu na hela ya kwao,
chungu kimoja.
Asipopatikana mshindi chungu hulala,
huamka kimenona.
"Wiki hii zamu yako," husema Shomvi,
ambaye kamisheni yake haijawahi kulala.

Jumamosi mipira inaruka ndani ya kioo.
Hakuna unaonijua.

Ishirini za luku:
nazibonyeza gizani, moja moja,
naogopa kukosea ya mwisho.
Mita inalia pii,
na Tausi anatokea mezani,
kijiko mdomoni,
amekwishaanza kula bila mimi.