Futi Mia Nane

Lilikuwa chini ya cherehani,
limefungwa kwa utepe wa aproni,
na kaka yangu Alaric akadhani ni daftari la madeni ya maziwa.
"Tupa," alisema. Dalali anakuja saa nane
kuipima nyumba, ukuta kwa ukuta.

Jalada la buluu, limepauka pembeni.
Ndani, mistari: tarehe, aina ya ndege, namba,
kutoka, kwenda, saa, dakika.
Na mwandiko ninaoujua,
uleule ulioandika "Plamu" kwenye chupa za jamu,
herufi p yenye mguu mrefu kama wa korongo.

Hesba Thwaite, shangazi yake baba,
aliyekataa katakata kupanda gari likiendeshwa na mtu mwingine.
Aliyekuwa akianika mashuka huku kwetu Yorkshire,
vibanio mdomoni,
akatazama juu, akavitoa, akasema:
"Leo mawingu yako futi mia nane."
Nasi jikoni tukacheka. Uzee huo.

Usilolijua ni usiku wa giza.
Sisi tulilala ndani ya usiku huo miaka thelathini,
na taa yenyewe iko uani, inaanika mashuka.

Machi, arobaini na tatu.
Spitifaya, kutoka kiwandani hadi kusini, dakika hamsini.
Harikeni, mbovu, kurudishwa karakana.
Welingtoni, injini mbili, pana kama ghala la majani,
na ndani yake mtu mmoja tu,
futi tano na inchi mbili,
mto wa kitanda mgongoni ili miguu ifike.

Bila redio. Bunduki tupu.
Alifuata reli, akafuata mto,
akatafuta bomba la moshi la kiwanda cha matofali,
ramani gotini.
Akashusha ndege, akatia sahihi, akawaachia vijana,
akarudi kwa treni ya usiku
amekalia parachuti lake kama gunia la viazi.

Safu ya mwisho ni ya maelezo. Hakuwa mtu wa maneno.
"Mvua."
"Mvua tena."
"Gurudumu la kushoto lina kiburi."
"Kondoo uwanjani. Nimezunguka mara tatu
mpaka mchungaji akaelewa."
Hapo Alaric aliketi sakafuni, akacheka mpaka akakohoa,
akaomba nimpe ashike yeye.

Ni yeye aliyeziona nukta.
Ndogo, za penseli, kando ya namba fulani fulani,
na kando ya kila nukta tarehe nyingine:
siku nne baadaye, wiki mbili, mwezi.
"Matengenezo," alisema. Nikasema labda.
Tukafungua ukurasa wa ile Welingtoni.
Nukta. Siku tisa.
Na maneno mawili, penseli imekandamizwa mpaka karatasi ikatoboka:
Wote watano.

Sijui alikuwa akimuuliza nani.
Sijui alisimama mlango gani, na kofia mkononi,
kutaja namba ya ndege ambayo si yake tena.
Hakuna aliyemtuma.
Kazi yake iliishia kwenye sahihi.

Novemba, arobaini na tano. Jumla:
saa mia sita na kumi na mbili, dakika tano.
Amekosea kujumlisha, amekata, amejumlisha upya.
Kisha kurasa nyeupe, moja, mbili, tatu,
na baada yake, kwa mwandiko uleule, safu zilezile:
Bi. Ogle, painti mbili.
Kasisi, painti moja, hajalipa.
Mzee Sugden, nusu painti,
na mbele ya jina la Sugden, nukta,
na tarehe.

Kumbe Alaric alisema kweli. Madeni ya maziwa.
Hakuna aliyecheka.

Dalali alipobisha nilikuwa uani,
nimeshika kamba ya kuanikia iliyolegea,
nimeinua uso.
Mawingu yalikuwepo, ya kijivu, yanakwenda mashariki.
Yangeweza kuwa futi mia nane.
Yangeweza kuwa elfu tatu.