Siku Tisa na Saa Nne

Kule Gornji Vrt mto haufiki baharini.
Hupita nyuma ya zizi la Bogomir,
hukata shamba la viazi,
kisha chini ya jabali huingia ardhini
kama mtu aliyesahau kitu ndani,
na hautoki.

Jumanne moja ya Machi, theluji ikiyeyuka,
nilimwaga kwenye koo la shimo lile
kilo mbili za rangi: unga mwekundu kama pilipili ya kusaga,
ila ukigusana tu na maji hugeuka kijani,
kijani cha jicho la paka gizani.
Bogomir akavua kofia. Akauliza kama samaki watakufa.
Nikamwambia hawatakufa.
Akauliza tena.

Tulikuwa na chemchemi kumi na moja za kulinda,
kila moja na mtu wake, kreti ya chupa, na saa:
Vesna wa posta, aliyestaafu asijue kukaa bure;
mapacha wa Kobal, tuliowalipa baiskeli moja,
wagombane nayo wenyewe;
kasisi, aliyechota usiku na mchana bila kukosa
akiandika nambari za chupa
kwa mwandiko wa vyeti vya ubatizo.
Mimi nilikuwa na ramani, na kwenye ramani mshale,
na mshale ulisema: kinu cha zamani, siku nne.

Siku ya nne kinu kikatoa maji maangavu.
Ya tano, maangavu. Ya sita ikanyesha
nikalala garini, nikaota ngazi zinazoshuka tu.
Jiwe la chokaa halina adabu ya mchanga.
Mchanga huyahoji maji, huyachuja, huyachelewesha;
chokaa huyafungulia mlango yalivyo,
na uchafu wake, na haraka yake,
wala halisemi yameelekea wapi.

Siku ya tisa simu ikalia. Hakuwa Vesna.
Hakuwa kasisi.
"Njoo uchukue rangi yako," alisema mama.
"Imo kwenye ndoo yangu."

Kisima cha mama hakikuwa kwenye orodha.
Tangu nikiwa mtoto alituambia
kwamba maji yake ni theluji ya milima ya kaskazini,
yamekuja kwa njia yao, hayakumpitia mtu,
wala hayahusiani na wale wa juu
ambao babu zao walihamisha jiwe la mpaka
usiku mmoja wa mwaka ambao kila anayesimulia huutaja wake.
Na mimi, mwenye shahada mbili na kipima-mng'ao cha bei ya gari,
nilikuwa nimemwamini.
Sikupima kwa sababu nilijua.

Nikamkuta amesimama uani, ndoo nyeupe ya enameli miguuni,
na ndani yake ule ukijani, umetulia,
kama mgeni aliyefika bila barua
akakaa kiti cha marehemu baba.
Nikamweleza kwamba haidhuru, itakwisha baada ya wiki.
"Sikuuliza hilo," akasema.
Akamwaga maji kwenye waridi, taratibu, hadi tone la mwisho,
akaingia ndani, akafunga mlango,
nikabaki na chupa zangu.

Katika ripoti niliandika: kilomita sita na robo,
siku tisa na saa nne, mkondo haukutarajiwa.
Hakuna safu ya jiwe la mpaka.
Hakuna safu ya miaka ambayo mwanamke mmoja
alipika supu kwa maji ya watu asiowasalimia.
Nikapiga muhuri. Nikatuma nakala kwenye halmashauri zote mbili
na zote mbili zikajibu kwamba zimepokea.

Mwezi wa Mei akanipigia, usiku, bila salamu.
"Yule Bogomir," akasema, "ana ng'ombe wangapi?"
"Arobaini na mmoja," nikasema. Nilikuwa nimewahesabu.
Akanyamaza. Nikasikia birika likijazwa,
maji yakipanda sauti kadiri yanavyokaribia ukingo.

"Na mkewe," akauliza,
"hufua siku gani?"