Mpaka wa Kitovu

Tawi lilikuwa kijani nje, kavu ndani.
Pakacha lilitangulia kufika chini.
Karafuu zikatawanyika, na Hadia akawa anazizoa huku analia,
mikono yake haikujua kazi nyengine.

Sauti niliisikia: kama mtu avunjaye muwa.
Maumivu sikuyasikia.
Lugha yetu ina neno moja kwa yote mawili,
na tangu siku ile mimi na neno hilo hatuelewani.

Wakanibeba kwa jamvi, kila pembe mtu,
katikati nikapinda.
Walitenda wema. Siwalaumu.
Ila usiku jamvi lile hulipinda tena, tena, peke yangu.

Hospitali ya Wete, Dakta Salhina akashika pini.
Kidevu? Nasikia.
Kifua? Nasikia.
Mbavu? Nasikia, dakta, taratibu.
Kitovu? Kidogo, kama mtu anigusaye juu ya kanzu.
Akainama tena. Nikangoja, nikangoja,
nikamuuliza, "Bado hujachoma?"
Alikwisha fika gotini.

Akanichora mstari wa wino tumboni.
Kitovu changu kilizikwa Piki, nyuma ya jiko la mama.
Sikujua kwamba waliobaki kuzikwa ni jirani zake wa chini.

Shemegi yangu Mbarouk, fundi wa umeme,
alinieleza kuliko wote:
"Umeme wetu unatoka Tanga, waya umelazwa chini ya bahari.
Ukikatika, globu zote nzima, swichi nzima,
na kisiwa kizima giza.
Miguu yako haina kosa, shemegi. Ni waya.
Na ule wa Tanga, wakitaka, huungwa..."
Akasikia alilolisema. Akaomba maji ya kunywa.

Mwezi wa tatu, mguu wa kushoto ukarusha teke.
Mama akapiga kigelegele,
jirani wakaja na udi,
mwanangu Shaame akatoka mbio bila ya viatu kumwita babu yake.
Dakta akauma mdomo. Uti wa chini, akasema,
umebaki peke yake; haupati habari za kichwa,
basi hujiuliza wenyewe, hujijibu wenyewe.
"Kama kuku aliyekwisha chinjwa," nikasema.
Hakukubali, hakukataa.
Kigelegele hakirudishwi mdomoni.

Na nieleze nini kuhusu moto?
Kaa liliruka kutoka seredanini, likatua juu ya unyayo;
nilinusa nyama nikadhani jirani wanachoma.
Unyayo uo huo, ikifika saa nane za usiku,
unawaka, bila ya kaa, bila ya kiberiti,
naupulizia kama mtoto.
Hadia haulizi tena moto uko wapi. Hupepea tu.

Kila saa mbili hunigeuza,
ubavu huu, ubavu ule,
"kama mkate wa ufuta," asema, "usiungue upande mmoja."
Kwani kidonda hakibishi hodi
kwa mwenye nyumba asiyesikia.
Hunikata na kucha za miguu. Nazitazama
kama ninayetazama kucha za mtoto wa watu,
nami nina adabu, siulizi ni za nani.

Msimu huu nimekaa jamvini, nachambua.
Karafuu huku, makonyo kule.
Vidole vinanata, vinawasha, vinajua kila kitu,
navionea wivu, ilhali ni vyangu.

Jana sisimizi alipanda kwenye kidole gumba cha mguu.
Nilimwona. Akapita kifundo, akapita goti,
kimya, kama picha iliyokatwa sauti.
Paja zima, alikuwa habari niliyosimuliwa na macho.
Nikaacha kuchambua.
Nilikuwa nimejifungua kanzu kwa joto;
akafika penye kitovu, akasita,
akavuka.

Ghafla ana miguu. Sita yote.
Shaame alinyoosha mkono ampanguse.
Nikamwambia, "Mwache.
Mwache kwanza."